Mashine ya Kuwabadilisha Nguo Watu wa Boga

Ukipanda mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, ukalipita duka la misumari na yule kinyozi ambaye kioo chake kimepasuka katikati hata kila mteja huamini nusu tu ya kichwa chake, utakuta benchi refu la mbao limeegemezwa kwenye ukuta wa studio ya Elisabeth. Benchi ni la studio, liliwekwa kwa ajili ya wateja wanaosubiri picha zao. Wateja hawajawahi kulikalia. Tangu saa moja asubuhi hukaliwa na watu wenye shughuli zao mahali pengine, waliopita tu kunywa kikombe kimoja cha kahawa ya tangawizi kwa Mama Anastasie, na saa nne huwa bado wanapita.

Watatu kati yao hawakosi hata mvua inyeshe. Yupo Étienne, mwalimu mkuu mstaafu, anayeitwa Directeur. Hajawahi kumiliki kompyuta, ila zamani alitia sahihi ya kupokea moja ya shule, na tangu siku hiyo anajihesabu mtu wa fani. Yupo Orly, fundi wa redio na simu, ambaye wamempa jina la Voltage kwa kuwa tatizo lolote ukimletea, hata la mtoto mwenye homa, ataanza kwa kuuliza kama umeme ulikuwepo. Na yupo Guelord, dereva wa lori lililoko gereji tangu Pasaka. Huyo ni Poids Lourd, yaani gari zito, na mwili wake hauliaibishi jina.

Jumanne hiyo Elisabeth mwenyewe alitoka nje, kompyuta yake ndogo kifuani na karatasi mkononi, akaketi pembeni mwa benchi. Kuomba ushauri pale ni kujitakia, na alilijua hilo vizuri. Lakini usiku mzima alikuwa ameshauriana na nafsi yake bila kufika popote.

— Madame Couleur ametoka, Directeur akasema. Tusogee, tusimuchafulie rangi.

— Rangi gani? Poids Lourd akauliza. Ya Bunia ao ya Boga?

Jina hilo la Madame Couleur lilikuwa na wiki tatu tu. Kabla yake alikuwa Elisabeth, mtengeneza picha ambaye mialiko yake ya ndoa watu waliibandika ukutani hata baada ya ndoa kupita. Ndipo ikaja ndoa ya Débora wa hapa Bunia na Nicolas wa Boga. Elisabeth alitengeneza mwaliko, na chini ya majina akaweka kipande cha rangi ambayo familia zote mbili zingevaa, kama desturi inavyotaka. Watu wa Bunia waliupata mwaliko kwenye simu. Waliona rangi ya divai nyekundu, ile inayoitwa bordeaux, wakashona hiyo. Watu wa Boga walipelekewa karatasi zilizochapwa. Waliona zambarau, wakashona hiyo. Siku ya siku, upande wa bwana harusi ulipoingia ukumbini ukicheza, mpiga muziki alipunguza sauti bila kuambiwa na mtu. Shangazi mmoja wa bibi harusi alisema, kwa sauti ya kutosha, kwamba wakwe wamekuja na Kwaresima yao.

Sasa komite ya ndoa, yaani Papa Stéphane, baba mdogo wa bibi harusi, ilikuwa imetoa hukumu. Album haitatoka hivi. Katika picha zote, nazo zinapita mia mbili, Elisabeth awavue watu wa Boga zambarau yao na kuwavisha bordeaux, mmoja mmoja, kabla ya mwisho wa mwezi. Akifanya vizuri, aibu itafunikwa, na ndoa mbili zinazokuja katika ukoo huo atapewa yeye. Akishindwa, Papa Stéphane atasema mbele ya kanisa ni nani aliyeiharibu siku ya mtoto wao. Jana Elisabeth alijaribu. Kuwavisha upya mashangazi watatu, katika picha moja tu, kulimchukua asubuhi nzima, na kompyuta iligoma mara nne.

Bahati, kama ni bahati, zamu yake katika likelemba, kile chama cha akina mama cha kuchangiana, ilikuwa imefika. Na Fiston alikuwa anaondoka saa nne kwenda Kampala. Huyo Fiston wanamwita Frontière, maana nusu ya maisha yake imepita kwenye foleni ya mpakani. Angeweza kumletea chombo kipya. Ila zamu ya likelemba ilitosha kitu kimoja tu, na zamu nyingine ni mwakani.

— Frontière anaenda saa ine, Elisabeth akasema. Niko na fasi ya kitu moya. Tour ao écran. Munisaidie.

— Tour njo nini? Poids Lourd akauliza.

— Ile sanduku yenye kubeba akili yote ya ordinateur. Nikiwa na tour ya nguvu, kazi ya Papa Stéphane itaisha mbio. Écran ni ya kuangalilia tu, hata télé ya nyumbani inaweza. Lakini ya muzuri inakuonyesha rangi vile iko.

— Sasa unauliza nini? Mutu ananunuaka dirisha na nyumba haijajengwa?

Directeur akainua kidole. Alikuwa ameinua kidole hicho mbele ya madarasa kwa miaka thelathini na minne, na bado kilikuwa kinafanya kazi.

— Ngojeni. Mambo ya ordinateur inaendaka na génération. Iko ya tano, iko ya munane, iko ya kumi na mbili. Elisabeth, weye chukua ya kumi na mbili.

— Juu ya nini, Directeur?

— Juu ilirudilia darasa. Mutoto mwenye alikaa miaka kumi na mbili mu école primaire anajua yote. Anajua hata fasi chaki inafichwaka.

— Génération ni ya processeur, ubongo ya mashini, Directeur. Ya mupya inapita ya zamani mbio. Hairudilie kitu.

— Njo vile bazazi bote banasemaka juu ya batoto yabo.

Mama Anastasie akacheka chini chini, akamjazia kikombe. Poids Lourd alikuwa anaiangalia kompyuta iliyokuwa kwenye magoti ya Elisabeth kwa jicho la mtu aliyezoea mizani.

— Hii yako iko na kilo ngapi?

— Haifike mbili.

— Kilo mbili. Na unataka ibebe ukoo muzima ya Boga. Hata baiskeli ingepasuka pneu.

— Haiko kilo, Poids Lourd. Ni mémoire. Yangu iko na quatre, ine tu. Kwa foto kubwa-kubwa unahitaji seize, ao trente-deux, makumi tatu na mbili.

— Trente-deux nini? Viti?

Elisabeth alifikiri kidogo. Katika miaka yote ya kuwaeleza wateja, hakuwahi kupata neno bora zaidi.

— Tuseme viti.

— Munaona? Poids Lourd akawageukia wenzake. Ni bus. Directeur anatupeleka mu masomo, kumbe ni bus. Chukua ile ya trente-deux, bakwe bote bapande mara moya.

Voltage aliwaacha wamalize. Alikuwa anapuliza kahawa yake taratibu. Hivyo ndivyo afanyavyo akitaka watu wajue kwamba akisema, basi imekwisha.

— Munazungumuza bintu ya juu-juu, akasema hatimaye. Mubaya ni courant.

— Tulijua, Directeur akasema.

— Mulijua nini? Munisikilize. Mu saison sèche maji inapunguka mu mutoni, courant nayo inapunguka. Rouge njo rangi yenye kukulaka courant mingi kupita zote. Courant ikikosa, rouge inalala, inakuwa violet. Batu ya Boga balivaa courant ya ile siku Elisabeth alitengeneza muwaliko. Ununue tour, ununue écran, kama haukununua stabilisateur ya kutuliza courant, bakwe batakuja tena na Kwaresima.

Benchi likaipima hoja. Hata Elisabeth, aliyejua kwamba haina mkia wala kichwa, aliona ina utaratibu wake.

— Lakini ampoule yangu ya nyumbani, Poids Lourd akasema polepole, courant ikipunguka, inakuwaka rouge. Violet sijaiona hata siku moya.

Voltage akanywa funda.

— Ile ampoule ni ya wapi?

— Ya kwa weye. Weye njo uliniuzia.

— Basi ile haihesabike.

Elisabeth alicheka pamoja nao, na kicheko kilimfaa. Lakini moyoni hakuwa na raha. Alijua jambo ambalo benchi halikulijua. Tatizo la mwaliko halikuwa nguvu. Ile kompyuta yake dhaifu ilikuwa imeutengeneza mwaliko wote bila hata kupata joto. Tatizo lilikuwa kioo chake cha zamani, yaani skrini, ambacho huonyesha rangi inavyojipendea, na yeye alikuwa amekiamini kwa miaka sita kwa sababu hakuwa na kingine. Mtu wa kazi yake angechagua skrini bila kuuliza mtu. Lakini skrini isingewavua nguo watu mia moja na hamsini kabla ya mwisho wa mwezi. Na ukweli ni kwamba alimwogopa Papa Stéphane kuliko alivyoipenda kazi yake. Hilo hakuliambia benchi.

Fiston akafika akizungusha funguo za gari kidoleni. Gari lake lilikuwa limeegeshwa ng'ambo, mbele ikitazama mteremko, kwa sababu anazozijua mwenyewe.

— Bado munachagua? Miye nimekwisha kupakia.

— Frontière, weye njo unaonaka mashini ya Kampala, Directeur akasema. Utuambie.

— Iko moya ya michezo. Bavijana banaipenda mubaya. Clavier inawaka rangi saba, iko na ventilateur ine, na carte graphique yake nzito kama tofali. Banachezea foot mule. Unaona stade muzima, batu elfu makumi, kila mutu na nguo yake, banasimama, banakaa, na mashini haishituke. Sasa mashini yenye kuvalisha stade, Boga itaishinda?

— Hujakaa mu komite ya ndoa, Elisabeth akasema.

Wote walikubali kwamba hapo amesema.

— Nzito kama tofali, Poids Lourd akarudia kwa heshima. Hiyo njo mashini. Lakini itafika namna gani? Kitu chenye kilitengenezwa kule chini ku bahari, kikipanda huku kwetu kinapoteza nguvu. Miye na lori yangu, toka mpaka ya Kasindi tu...

— Lori yako inapoteza nguvu hata ikisimama, Voltage akasema.

— Acha amalize, Directeur akasema, na kidole kikapanda tena, juu kuliko mwanzo. Poids Lourd amenifungua macho. Boga iko wapi? Iko chini, karibu na muto Semliki. Ni joto. Siye tuko juu, ni baridi. Karatasi ilitoka hapa rouge. Ikashuka. Ikapigwa joto njia yote. Rangi nayo inaivaka, bandugu. Ilifika kule imeiva.

— Rangi ya imprimerie, ya kuchapa, inaiva? Elisabeth akauliza.

— Nyanya inafanyaka nini?

— Nyanya haiivake violet, Directeur.

— Ya Boga umeiona?

Hakuna aliyekuwa ameiangalia kwa makini nyanya ya Boga. Directeur akaona njia iko wazi, akaongeza mwendo.

— Kwa hiyo hata mashini haisaidie. Dawa ni écran mbili. Moya ya bakwe, moya ya siye. Kila upande ukuje uangalie ndoa yake ku écran yake, urudi nyumbani na amani.

— Niko na fasi ya kitu moya, Directeur.

— Basi écran moya, na bakuje siku mbalimbali.

Fiston akatazama saa. Elisabeth naye akaitazama karatasi yake, ambayo alikuwa ameandika na kufuta hadi imechakaa katikati. Akaandika kwa mara ya mwisho: tour, processeur ya karibuni, mémoire trente-deux, disque ya mbio, carte graphique. Akamkabidhi Fiston kabla mkono haujabadili nia.

— Tour, akasema. Ile ya stade. Mungu akusindikize.

Fiston akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa shati. Poids Lourd akampongeza Elisabeth kama mtu aliyenunua lori.

Ndipo pikipiki ikasimama mbele ya benchi, na mama mmoja mzee akateremka, akijishika begani mwa dereva. Alikuwa amevaa gauni refu la kitenge na kilemba cha kitenge hicho hicho. Kilikuwa zambarau. Hakuna mtu wa benchi aliyeuliza ametoka wapi.

— Jambo, batoto.

— Jambo, mama.

Akawasalimu mmoja mmoja kwa mkono, hata Fiston aliyekuwa amekwisha kugeuka kuondoka. Poids Lourd akasimama kumpa nafasi, na benchi likapumua.

— Miye ni Mama Gertrude, shangazi ya Nicolas. Nilikuja kuangalia mutoto wa dada yangu ku hospitali, kesho narudi kwetu Boga. Baliniambia ni hapa banatengenezaka foto ya ndoa. Nikavaa hii juu munitambue mbio. Natafuta foto yangu.

— Karibu, mama, Elisabeth akasema.

Mama Anastasie akamletea kikombe. Elisabeth alitaka kuifunga kompyuta, lakini adabu haimruhusu mtu kufunga kitu usoni mwa mgeni aliyekuja kukitazama, na kabla hajaamua, Mama Gertrude alikuwa ameinama tayari. Pale kwenye kioo palikuwa na kazi ya jana: mashangazi watatu wa Boga wakicheza, wote katika bordeaux safi. Yule wa kulia, mwenye mikono hewani, alikuwa yeye.

Alitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole karibu na picha, bila kuigusa.

— Hii sura ni yangu, akasema. Nguo ni ya nani?

Voltage aligundua kuna kitu ndani ya kikombe chake. Directeur, kwa kuwa ndiye mkubwa, alilazimika kujibu.

— Mama, ni kazi kidogo ya kurekebisha. Komite iliomba bikwembe, bile bitenge, ifanane mu album.

— Ifanane na ya nani?

— Na ya upande wa mwanamuke, mama. Juu ile siku kulikuwa kosa kidogo.

— Kosa? Kwetu hii ni rangi ya askofu.

Hakusema kwa hasira. Alifungua mkoba wake, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko akatoa mwaliko, mzima, haujakunjwa hata pembe moja.

— Hii karatasi tulitembea nayo, siye banamama. Duka kwa duka, soko yote ya Boga. Tunaiweka juu ya kikwembe, kisha tunatoka nayo inje, ku jua, tuangalie tena. Mwenye duka akasema mama, inafanana, kamata tu. Tukakatala, haijafanana muzuri. Tukatuma mutu mupaka Bunia aitafute, tukangoja. Tulisema tusimutie mutoto yetu haya mbele ya bakwe. 

Akaitazama tena picha.

— Sasa nauliza tu, mutoto yangu, juu weye njo unajua. Débora, ile siku anachagua, alichagua rangi gani?

Swali lilikuwa jepesi hata ungeweza kumuuliza mtoto wa chekechea. Wote wakamgeukia Elisabeth.

Elisabeth akatafuta ndani ya kompyuta mwaliko wenyewe, ule wa kwanza, ambao nakala zote zilitoka kwake. Ulichukua muda kufunguka. Fiston, aliyekuwa amealikwa pia, akatoa simu yake na kuutafuta aliotumiwa. Wakaviweka vitatu pamoja juu ya magoti ya Elisabeth, karatasi ya Mama Gertrude, simu na kompyuta. Vichwa vyote vikainama.

Simu ilikuwa na rangi ya divai. Karatasi ilikuwa zambarau. Kompyuta ilikuwa na rangi ya maharagwe yaliyokwisha kuiva.

— Ya ordinateur njo ya kweli, Voltage akasema. Ile njo ilizaa hizi mbili.

— Ilizaa, Poids Lourd akasema, lakini haifanane na mutoto hata moya.

— Nani alivaa ile ya maharagwe? Directeur akauliza.

— Hakuna mutu.

— Kwa hiyo ile siku, batu mia tatu mu salle, hakuna hata moya alivaa vizuri.

Hesabu ilikuwa sahihi, na Directeur mwenyewe alionekana kujuta kuifanya. Mama Gertrude alikuwa bado anangoja. Hakuwa amepata jibu.

— Débora aliniambia na mudomo tu, ku telefone, Elisabeth akasema. Alisema bordeaux, ile ya muzuri. Nikachagua na macho, ku hii écran.

— Sasa ile ya muzuri njo gani?

— Sijue, mama.

Alipolitamka neno hilo aliona haya. Haikuwa ile ya kutaniwa na benchi, ambayo mtu huizoea. Alikuwa anawafikiria akina mama wa Boga, wakitoka na karatasi yake juani ili wahakikishe, na dukani tena, na juani tena. Yeye aliyeitengeneza hakuwa ameibeba hata hatua tano hadi hapa kwenye benchi kuitazama mchana. Watu pekee waliofanya kazi kwa uangalifu katika ndoa nzima walikuwa wale aliokuwa anataka kuwafuta. Na mfukoni mwa shati la Fiston kulikuwa na agizo la mashine ya kuwafuta upesi zaidi.

Directeur aliinua kidole, akakitazama, akakirudisha juu ya goti.

— Elisabeth, Fiston akasema kwa upole. Saa ine imefika. Niende na tour?

— Nipe ile karatasi.

Akaigeuza upande ambao haukuwa na maandishi, akaandika huku akisema, ili akili isimkimbie njiani.

— Écran. Ukubwa vingt-sept pouces kama inapatikana, vingt-quatre kama haipatikane, haidhuru. Yenye rangi kamili. Na uwaulize kile kidude cha kupima rangi, banakipachikaka mbele ya écran. Usiamini maandiko ya carton yake. Uwashe palepale mu duka. Ukamate kikwembe mukononi, ukipige foto, uweke foto ku écran, kisha uangalie kikwembe na écran, vyote mbili. Kama haifanane, uende duka ingine.

— Na kama bananikasirikia?

— Uende duka ingine.

Fiston akasoma, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza lile ambalo kila mtu alikuwa anaogopa kuuliza.

— Na album ya Papa Stéphane? Na hii ka-mashini yako?

— Nitamuambia.

— Lini?

Elisabeth akatoa simu. Alijua kwamba akiingia ndani kupiga, hatapiga. Akapiga pale pale, ameketi kati ya Mama Gertrude na Voltage, na benchi zima likasikia upande mmoja wa maneno.

— Papa Stéphane, jambo. Ni Elisabeth wa studio... Ndiyo, papa. Ni juu ya album. Foto itatoka vile iko... Hapana, papa, haiko mashini. Hata nikiwa na mashini sitafanya. Batu ya Boga habakukosa. Nanyi hamukukosa. Rangi miye njo niliiharibu, ku écran yangu... Ndiyo. Hata ku kanisa museme. Museme ni miye.

Akasikiliza kidogo, kisha akaishusha simu.

— Alisema nini? Mama Anastasie akauliza.

— Alikata.

Kwa hiyo zile ndoa mbili zinazokuja hazikuwa zake tena. Elisabeth alilijua hilo, na lilimuuma, maana mwezi ujao ungekuwa mrefu. Poids Lourd akafungua mdomo, na kila aliyemjua aliona utani unakuja. Mama Anastasie akaiinamisha chupa ya kahawa, akamtilia yote iliyobaki, ikafika nusu kikombe na mashapo.

— Kunywa, Poids Lourd. Imekwisha.

Akanywa. Ng'ambo, gari la Fiston likaachiwa mteremkoni, likakohoa mara mbili, likawaka, likaenda zake na karatasi.

Mama Gertrude hakuwa ameondoa macho kwenye kompyuta.

— Sasa foto yangu, mutoto yangu, akasema.

Elisabeth akarudi kwenye picha ya mashangazi watatu, akabonyeza alama ya kurudi nyuma. Mashine ikatulia kama haijasikia. Akabonyeza tena. Ilikuwa inaitengua kazi ya jana hatua moja moja, bila haraka, na Voltage hakuuliza habari ya umeme. Shangazi wa kushoto akarudi zambarau, kuanzia kilemba hadi pindo la chini. Wa katikati akafuata. Yule wa kulia alikaa na bordeaux ya mtu mwingine kwa muda, mikono hewani, na wote wakangoja. Kisha kilemba kikageuka, na bega, na gauni lote.

Mama Gertrude akasogea karibu zaidi, akaweka kiganja kwenye gauni alilolivaa, kingine kwenye ukingo wa kioo.

— Njo miye huyu, akasema.